Namba kwenye mshale si uzito: hesabu ambayo muuza pinde wa Kigali hana budi kuijua

KIGALI. Bunda la fito za mishale za kaboni likifunguliwa juu ya meza ya duka, kitu cha kwanza kuonekana ni namba. Kuna fito zilizoandikwa 300, nyingine 400, nyingine 500. Muuzaji ambaye hajawahi kuvuta upinde huona jambo lililo wazi machoni pake: 500 ni nzito kuliko 300, kwa hiyo ni ya mnyama mkubwa, na bei yake iwe juu.

Amekosea mara mbili. Namba ile haipimi uzito hata kidogo. Inapima ulegevu. Kiwandani ufito hulazwa juu ya mihimili miwili iliyoachana inchi 28, katikati yake ikaning'inizwa gramu 880, kisha ukapimwa umepinda kiasi gani. Ufito wa 500 umepinda nusu inchi, sawa na milimita 12.7. Ule wa 300 umepinda milimita 7.6 tu. Namba ikiwa kubwa, ufito ni laini zaidi, na kwa kawaida ndio mwepesi. Muuzaji aliyempa mteja mwenye upinde mkali fito za 500 akidhani anampa silaha ya nyati, amempa fito zitakazojikunja kama unyasi kamba inapoachiwa, na pengine zipasuke mkononi mwake.

Kosa hili si dogo kwa watu wanaoishi kwa faida ya bunda moja moja. Mishale si unga wala vitenge. Haiozi, lakini ikikataliwa na mnunuzi anayeijua, hapatikani mwingine wa kuinunua kesho yake. Na Kigali, kwa jinsi ilivyokaa, ni mji ambao bidhaa ya namna hii hupita ikielekea kwingine: imetoka bandari ya Dar es Salaam, imevuka Rusumo, na kesho yake inaweza kuwa njiani kwenda Goma au Bukavu. Anayeuza hapa mara nyingi hamwoni mtu wa mwisho atakayeivuta kamba.

Uzito wenyewe umeandikwa mahali pengine, kwa herufi ndogo, na kwa kipimo ambacho soko la Kimironko halikitumii. Kinaitwa greni. Greni 7,000 hufanya ratili moja, na gramu moja ni greni 15 na nusu hivi. Kiwanda hutaja ufito una greni ngapi kwa kila inchi. Tuseme ni 8.5, na ufito umekatwa inchi 29: hapo ni greni 246. Ongeza kigumba cha greni 100, kipande cha chuma kinachokishikilia cha 20, manyoya ya plastiki 20, na kishikio cha nyuma kinachokaa kwenye kamba cha 10. Jumla inakaribia greni 397, yaani gramu 26 hivi. Huo ndio uzito wa mshale. Anayetaja uzito wa ufito peke yake ni kama anayepima gunia la maharage kabla ya kulijaza.

Baada ya hapo huja swali moja la kumuuliza mteja: upinde wako unavutwa kwa ratili ngapi? Jumla ya greni igawanywe kwa ratili hizo. Watengenezaji wengi wa pinde za kisasa zenye kapi hawakubali mshale ulio chini ya greni 5 kwa kila ratili. Upinde wa ratili 60, basi, haufai kurusha mshale wa chini ya greni 300. Pinde za mti, zisizo na kapi, zinataka zaidi, na wajuzi wengi hutaja greni 8 hadi 10 kwa ratili. Upinde wa mti wa ratili 50 utapenda mshale wa greni 450 hivi, ambao ni gramu 29.

Sababu haihitaji darasa la fizikia. Kamba inapoachiwa, nguvu iliyokuwa imelala katika mikono ya upinde hutafuta pa kwenda. Mshale mzito wa kutosha huichukua karibu yote na kuondoka nayo. Mshale mwepesi mno huondoka mapema na kuiacha nyingine nyuma, nayo inarudi katika upinde wenyewe: kelele, mtetemo, na siku moja ufa. Kuachia kamba bila mshale kabisa, jambo ambalo watoto na watalii hupenda kulifanya dukani, ni njia ya haraka ya kuuvunja upinde mzuri.

Wawindaji watatu, mishale mitatu

Watu waliokula kwa upinde katika ukanda huu hawakuwa na greni. Hata hivyo mishale yao ni jibu la swali lile lile, na majibu hayafanani.

Wasan wa Kalahari, mbali kusini, walikuwa na upinde mdogo wa ratili 20 hivi na mshale wa tete usio na manyoya, mwepesi kiasi kwamba mtu wa kwetu angeudhania mchezo wa mtoto. Kilichoua si mshale bali sumu ya mabuu ya mbawakawa, iliyopakwa nyuma ya kigumba. Mshale ulihitaji kutoboa ngozi tu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya miguu: kumfuata mnyama, pengine siku nzima au zaidi, mpaka alale.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wako upande mwingine. Upinde wao ni mrefu, mara nyingi unamzidi urefu aliyeushika, na pinde zao zilizopimwa zilitoa wastani wa karibu ratili 70. Mhadzabe hana mshale mmoja. Ndege na wanyama wadogo wana mishale yao ya ncha ya mti isiyo na chuma. Mnyama wa kati ana kigumba kipana cha chuma, ambacho mara nyingi ni msumari uliofuliwa kwa jiwe au nyundo ukiwa baridi. Mnyama mkubwa ana mshale wa sumu, inayotoka kwenye mti wa waridi la jangwani au kwenye mmea mwingine unaotambaa. Akitembea porini anabeba yote, na mkono wake huchagua kabla hajasimama. Msumari ule, tukumbuke, ni bidhaa ya dukani. Kwa miaka mingi Wahadzabe wameupata kwa majirani zao kwa kubadilishana asali na nyama, na bei yake iliamuliwa na mtu asiyejua kwamba anauza nusu ya mshale.

Watatu ni Wawaata, ambao wengi waliwaita Waliangulu, wa nyika ya nyuma ya Malindi na kando ya mto Galana nchini Kenya. Hawa waliwinda tembo. Pinde zao zilizopimwa zilizidi ratili 100, nguvu inayokaribiana na ile ya pinde za vita za Waingereza zilizopatikana ndani ya meli Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa baharini mwaka 1982. Askari wa wanyamapori wenye vifua vipana walishindwa kuzivuta hadi mwisho. Mshale wao ulikuwa mrefu na mzito, na mbele yake palikuwa na kipande kinachochomoka, kimepakwa sumu ya msunguti na kufungwa kwa ngozi laini ili isikauke wala isimkwaruze mwenyewe. Mwindaji alimsogelea tembo hatua chache tu, akalenga ubavu au tumbo, ambako ngozi haijawekewa mfupa nyuma yake. Ufito ulianguka, kipande kikabaki ndani.

Hapo ndipo uzito unapoeleweka. Msan na Mwaata wote walitumia sumu, lakini ngozi ya swala si ngozi ya tembo. Mwaata hakuhitaji mshale mzito ili uue, aliuhitaji ili sumu ifike. Uzito ulikuwa nauli ya sumu.

Sumu yenyewe ilikuwa biashara. Waliopika hasa ni Wagiriama, na ilinunuliwa na watu ambao hawakuijua njia ya kuipika. Mlolongo mzima, kutoka kwa mpishi wa sumu hadi kwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu pwani, ulikuwa na watu wengi, na mwindaji ndiye aliyepata kidogo kuliko wote. Serikali ya kikoloni ilipoamua kuuvunja katika kampeni ya Tsavo ya mwaka 1956 na 1957, chini ya maofisa kama David Sheldrick na Bill Woodley, waliojaa magerezani ni wawindaji. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana wa kuwaruhusu Wawaata wawinde kwa halali na nyama na pembe ziuzwe rasmi. Haukuwarudishia maisha yao. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa michezo, na upinde wa Mwaata ukawa kitu cha makumbusho, au kielelezo mahakamani.

Bila sumu

Mnunuzi wa leo mwenye kibali cha kuwinda kwa upinde hatumii sumu. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009, kwa mfano, inaitaja sumu na silaha iliyopakwa sumu miongoni mwa njia zilizokatazwa. Kwa hiyo mshale wake lazima ufanye kazi ambayo ule wa Mwaata haukuifanya: upite kwenye mapafu yote mawili, ukate, na utokee upande wa pili ikiwezekana, ili mnyama aanguke kwa sekunde chache na si kwa siku tatu kichakani.

Hapa wauzaji wengi hupotoshwa na matangazo yanayosifu kasi. Tuchukue upinde wa kapi wa ratili 60. Tuseme unarusha mshale wa greni 350 kwa mita 85 kwa sekunde, na ule wa greni 525 kwa mita 71. Wa kwanza una kasi, na nishati yake ni joule 82 hivi. Wa pili ni mzembe kidogo, lakini nishati yake ni joule 86, kwa kuwa umeichukua nguvu ya upinde vizuri zaidi. Ukizidisha uzito kwa mwendo, hesabu inayoeleza ugumu wa kukisimamisha kitu kilichokwisha kuondoka, mshale mzito unaushinda mwepesi kwa robo nzima. Dereva wa lori anaijua hesabu hii bila kalamu. Pikipiki na lori lililojaa saruji vikishuka mteremko wa Shyorongi, hakuna anayeuliza kipi kina kasi, bali kipi kitakubali breki.

Daktari Mmarekani, Ed Ashby, aliifanya kazi hii kwa uvumilivu katika hifadhi ya Mkuzi, Natal, nchini Afrika Kusini, miaka ya 1980. Alirusha mishale ya kila aina kwenye mizoga na wanyama, kisha akafuata njia ya kila mshale ndani ya nyama. Alichokuta ni kwamba mshale wa greni 650 hivi, sawa na gramu 42, huanza kuvuka mfupa mzito kwa uhakika ambao mishale myepesi haina. Wengi wameikariri namba hiyo kama aya. Wanachosahau ni kwamba uzito haukuwa wa kwanza katika orodha yake. Wa kwanza ulikuwa uimara: mshale usivunjike, kigumba kisipinde. Wa pili ulikuwa kuruka ukiwa umenyooka. Mshale wa gramu 42 unaofika ukiwa umelala upande huishia kwenye ngozi.

Ndiyo maana uzito ukiongezwa huwekwa mbele, kwenye kigumba, badala ya kuusambaza ufito mzima. Mshale mzito mbele hujinyoosha mapema. Lakini kigumba kizito huufanya ufito ule ule ujikunje zaidi unapoondoka, na hapo namba ya mwanzo inarudi: mteja aliyetoka kigumba cha greni 100 akaenda cha 200 huenda akahitaji kuacha ufito wa 400 na kuchukua wa 340 au 300. Muuzaji anayeuza vigumba bila kuuliza fito, au fito bila kuuliza vigumba, ameuza nusu ya bidhaa na kumwachia mteja hasara nzima.

Uzito nao una bei yake. Katika mfano wetu, kwa mita 20 mshale mwepesi unashuka sentimita 27 na mzito sentimita 39. Tofauti ni sentimita 12, na mpigaji anaizoea. Kwa mita 40 tofauti inakaribia nusu mita. Aliyekosea kukadiria umbali kwa hatua tano tu atapitisha mshale mzito chini ya kifua cha swala, au, vibaya zaidi, auvunje mguu wake. Kwa upande mwingine mshale mzito huupunguzia upinde kelele, na kelele ni jambo kubwa. Sauti ya kamba humfikia mnyama aliye mita 20 kwa sehemu sita za mia za sekunde, na mshale wenyewe unafika baadaye sana. Swala mwoga huinama katika muda huo. Msituni, ambako hakuna anayeona mita 40, mshale mzito hauna mpinzani. Nyikani, mtu asiye na uhakika wa jicho lake anafaa kukaa katikati na kusogea karibu zaidi. Wawindaji wa zamani wote watatu walisogea karibu.

Namibia, iliyoruhusu uwindaji wa upinde kwa kanuni miaka ya 1990, imeweka viwango vya chini vya nguvu na uzito wa mshale kulingana na ukubwa wa mnyama. Mteja anayeelekea huko, au kusini zaidi, atakuja na karatasi yenye namba hizo, na atataka mizani dukani. Mizani ndogo ya sonara inatosha.

Kigali yenyewe

Rwanda haina uwindaji wa kitalii, na kuua mnyamapori anayelindwa ni jinai. Tembo wa mwisho wa Nyungwe alikufa mwaka 1999. Akagera, mbuga iliyokuwa karibu kumalizwa, imerudishiwa simba mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017, na nchi inaishi kwa watalii wanaokuja na kamera. Hivyo mshale unaouzwa Kigali una njia tatu za halali tu: shabaha, ukuta wa mgeni, au safari kwenda nchi yenye kibali. Uganda, kwa mfano, ilirudisha uwindaji wa kulipia katika maeneo ya Ziwa Mburo mwaka 2001, saa chache za barabara kutoka Gatuna.

Njia ya kwanza ina mizizi yake. Kumasha, yaani kushindana kulenga shabaha kwa umuheto na umwambi, ulikuwa mchezo wa vijana wa Rwanda muda mrefu kabla ya kapi na kaboni. Mlengaji wa shabaha ndiye mteja anayetaka mshale mwepesi: shabaha haina mfupa, na umbali wa mashindano ya dunia kwa upinde wa kawaida ni mita 70. Kwake fito za 500 zile zile zilizokataliwa na mwindaji zinaweza kuwa ndizo hasa, kama upinde wake ni wa kati.

Njia ya pili ndiyo yenye mitego. Pinde za mapambo zinazoning'inia karibu na vikapu vya agaseke hazikutengenezwa kuvutwa, na tete yenye kigumba cha bati ikipasuka inaingia kwenye kiganja cha aliyeishika. Kumwambia mgeni hivyo hakupunguzi mauzo. Kinachoyapunguza ni manyoya. Manyoya ya tai yanaupendezesha mshale, lakini tai wako chini ya mkataba wa CITES, na mzigo wenye manyoya hayo bila kibali unaweza kuishia mikononi mwa maofisa uwanja wa ndege, pamoja na vikapu visivyo na kosa. Manyoya ya korongo mwenye taji, umusambi, ni hatari zaidi katika nchi ambayo imefanya kampeni ya miaka kadhaa kumtoa ndege huyo katika nyua za watu na hoteli na kumrudisha porini. Bata mzinga, bata bukini na kanga wa kufugwa wanatosha. Manyoya yao huruka vizuri vile vile.

Kwa anayevuka mpaka, mambo matatu yanastahili kujulikana kabla ya foleni. Forodha huweka pinde na mishale ya michezo katika kundi la vifaa vya michezo, namba 9506, si katika kundi la silaha za moto. Anayeandika “silaha” kwenye tamko lake amejitafutia siku nzima Rusumo. Cheti rahisi cha asili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, kwa hiyo hakiihusu kaboni ya China, hata ikiwa imenunuliwa Kariakoo. Na bunda la mishale hufika likiwa limefungwa kwa plastiki. Ifunguliwe upande wa Tanzania na fito zifungwe upya kwa karatasi ngumu au gunia, kila kumi na mbili pamoja, vigumba vikiwa katika kopo lake peke yake.